Siku Risal Singh Alipofungiwa Kiko na Maji

"Tangazo! Tangazo! Wakazi wote wa Dhanipura, wakubwa kwa wadogo, wenye nyati na wasio na nyati, tegeni masikio! Wazee watano wa kijiji wamekaa, wamepima, wameamua. Risal Singh, mwana wa marehemu Mam Chand, kuanzia asubuhi hii amefungiwa kiko na maji mpaka sikukuu ya rangi. Mtu asivute naye, asinywe naye, asimpokeze mrija. Kosa lake analijua mwenyewe. Ahsanteni, mnaweza kuketi."

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti cha hekalu, ikapita juu ya mashamba ya haradali yaliyozama kwenye ukungu, nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezaliwa kutoa amri. Mbwa walinyamaza. Wanawake waliokuwa wakikamua waliacha chuchu za nyati zikining'inia. Tukisema kweli, hata hekalu lenyewe lilionekana kuongezeka kimo.

Mwenye sauti alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, amechuchumaa nyuma ya kengele, soksi za sufu za babu yake kazivaa mikononi kwa ajili ya baridi, na kicheko alichokimeza kilikuwa kikimrukaruka tumboni kama chura ndani ya mfuko. Jina lake Yashika. Na babu yake ndiye huyo huyo Risal Singh.

Mtu mwenye adabu atauliza ni mjukuu gani anayemfungia babu yake kiko. Jibu ni kwamba ni mjukuu anayempenda, na ambaye njia zote za heshima zilikuwa zimemwishia.

Kiko chenyewe kilikuwa cha shaba, kirefu kama mtoto aliyeanza shule, chenye tumbo la maji chini na bori la udongo juu. Ndani ya bori ilitiwa tumbaku iliyotwangwa na sukari guru, na juu yake makaa ya samadi kavu. Kilikaa barazani kwa Babu Risal tangu enzi za baba yake. Kila asubuhi wazee walikuja, wakaketi kwenye vitanda vya kamba wakikizunguka, na mrija ukatembea kutoka mkono hadi mkono, kutoka mdomo hadi mdomo, huku wakijadili bei ya ngano na tabia za wakwe. Ukipewa mrija ukaukataa, umemwambia aliyekupa kwamba wewe na yeye si ndugu tena. Kuna koo mbili pale Dhanipura ambazo mpaka leo hazioani kwa sababu ya mrija mmoja uliokataliwa harusini. Kwa hiyo mzee hawezi kuamka tu akasema ameacha kuvuta. Mtu huacha kiko kwa njia moja tu: wenzake wamfungie.

Kazi ya kukiogesha kiko ni ya mdogo kuliko wote nyumbani. Baba na mama yake Yashika walikuwa kambi ya jeshi mpakani, kwa hiyo kila likizo alishuka kutoka shule yake ya bweni ya milimani, akaja kwa Babu na Bibi, na kukabidhiwa cheo hicho. Alimwaga maji ya jana, yaliyokuwa na rangi ya chai iliyolala na harufu ya mbuzi aliyenyeshewa, akatia mapya.

"Unaona?" Babu alizoea kusema akiyatazama maji yale kwa fahari. "Uchafu wote umebaki humo. Moshi umeoga. Mimi sivuti moshi, mjukuu wangu. Mimi navuta upepo."

Upepo huo ulikuwa umempeleka hospitali majira ya baridi yaliyopita. Yalianza kama mafua ya kawaida, yale yale yaliyompata Bibi Dhanpati na kumwachia baada ya siku chache za kupiga chafya na kulalamika. Kwa Babu yalishuka kifuani yakakaa. Yashika alikumbuka bomba la hewa puani mwake, na jinsi alivyojaribu kumtania akashindwa kufika mwisho wa utani wenyewe kwa kukosa pumzi. Kwa Babu Risal, kuacha utani njiani lilikuwa jambo la kutisha kuliko bomba.

Daktari Sarla, mwanamke mfupi asiye na muda wa kupoteza, aliwaketisha pembeni Yashika na Bibi.

"Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno," alisema. "Kazi yao kufagia. Mchana kutwa na usiku kucha vinasukuma makohozi na vidudu kwenda juu, vitoke nje. Moshi wa tumbaku unavilaza. Tena kwenye mapafu kuna askari wa mwili, wanaomeza kila kidudu kinachoingia. Moshi unawalegeza, wanakuwa kama walevi. Sasa virusi vya mafua vikija kwa mzee huyu, vinakuta mlango uko wazi, mfagiaji kalala, askari kalewa. Vitaacha kuingia?"

"Anavuta kupitia majini, daktari," Bibi alisema.

"Maji yanaupoza moshi, mama. Hayauoshi. Na huo mrija mnaopokezana, mwenye mafua mmoja tu anawatosha wote." Akakunja kipimo chake cha kifuani. "Safari hii amepona. Akipata mengine na mapafu haya haya, sitawaahidi kitu."

Babu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani jicho moja likiwa wazi, alirudi kijijini akawaeleza wenzake ushauri wa daktari. "Kanikataza sigara," alisema kwa uzito. "Nami tangu nizaliwe sijashika sigara." Wakampongeza kwa kutii, wakampokeza mrija.

Ndiyo maana likizo hii Yashika alikuja amejiandaa. Alianza kwa sayansi. Mbele ya wazee wote alimpa Babu leso nyeupe, akamwomba aifunike kwenye mdomo wa mrija na avute mara kadhaa. Babu alivuta kwa madaha, kiko kikakoroma vizuri. Leso ikatoka na doa la kahawia, la mafutamafuta.

"Moshi umeoga, Babu?" aliuliza. "Basi hiki nini?"

Wazee waliinamia leso. Hoshiyara, rafiki wa Babu tangu wakiwa watoto wa kuchunga, aliinusa.

"Shaba," alisema.

"Shaba," Babu alikubali. "Kiko kipya kidogo hiki, bado kinatoa rangi."

"Kiko cha enzi za baba yako!"

"Zamani vitu vilikuwa vinachukua muda kukomaa, mjukuu wangu. Nitilie makaa."

Alijaribu kusihi. Alijaribu kununa, akakosa wa kumbembeleza. Bibi alimwonya kwamba kukificha kiko ni kuitia nyumba aibu, maana mgeni akikosa mrija barazani ataondoka akisema ukoo wa Mam Chand umekufa. Kisha asubuhi moja Hoshiyara alikuja na kikohozi. Alikuwa amelala kwenye harusi mji wa jirani, na huko, alisema, nusu ya wageni walikuwa na homa. Akakohoa, akaupangusa mrija kwa kiganja kwa heshima zote, akampokeza Babu. Babu akaupokea. Yashika, aliyesimama mlangoni na koleo la makaa, aliona mdomo wa babu yake ukigusa pale pale ulipotoka mdomo wa Hoshiyara, akahisi kama anatazama mtu anakunywa sumu taratibu, tena anashukuru.

Alfajiri yake ndipo alipokwenda hekaluni. Mtangazaji wa kijiji, Mzee Chhaju, ndiye aliyetangaza nyati waliopotea, zamu za maji ya mfereji na siku za chanjo, na ufunguo wa mashine aliuacha kwenye msumari nyuma ya kengele, mahali pa siri palipojulikana na kila mtu. Asubuhi ile hakuwepo. Na Yashika shuleni alisifika kwa kuiga sauti ya mkuu wa shule kiasi kwamba siku moja bweni zima lilijipanga foleni ya kukaguliwa kucha mbele ya mlango uliofungwa.

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, akaingia jikoni anahema. Bibi alikuwa akisukasuka maziwa kwenye mtungi.

"Umesikia, Bibi?"

"Nimesikia." Bibi hakuacha kusukasuka. "Chhaju tangu lini anawakaribisha watu kuketi?"

"Labda amestaarabika."

"Labda," alisema Bibi, akaendelea na siagi yake.

Sasa Yashika alikuwa ametegemea mambo mawili. La kwanza, babu yake angeruka juu, apige kelele, adai kujua kosa lake, na katika kelele hizo zipite siku mbili tatu bila kiko huku kikohozi cha Hoshiyara kikiisha. La pili, ukweli ungejulikana, angechapwa maneno, wote wangecheka. Hakuna kati ya hayo lililotokea.

Babu hakuruka. Alikaa kitandani pake barazani, akakitazama kiko, rangi ikamtoka usoni. "Basi wamejua," alisema polepole.

"Wamejua nini, Babu?"

"Kakamue nyati."

Na wale wazee watano? Kila mmoja aliamini kwamba wenzake wanne walikaa bila kumwita. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakuitwa. Kwa hiyo walipokutana njiani walitikisa vichwa kwa huzuni ya watu wanaojua mengi. "Uamuzi mzito ule," mmoja alisema. "Mzito, lakini wa haki," mwingine alijibu. Mzee Chhaju aliporudi kutoka kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha pili alikuta anasifiwa kila kona kwa namna alivyolisoma tangazo. Alishangaa kidogo. Kisha akaona sifa hazimwozeshi mtu meno, akazipokea zote.

Tangazo likasimama kama sheria.

Siku za mwanzo Yashika alitembea na ushindi wake kifuani kama medali. Baraza ilikuwa safi. Kiko kilisimama pembeni kimepoa, na bori lake kuku mmoja alikuwa ameanza kulichunguza kama atataga humo. Lakini kuna kitu alichosahau kukitia kwenye hesabu. Kufungiwa kiko na maji si kufungiwa moshi tu. Ni kufungiwa watu.

Hakuna aliyekuja. Wazee walihamia baraza ya Hoshiyara, ng'ambo ya bwawa la nyati, na vicheko vyao viliruka maji vikamfikia Babu vikiwa vimepungua nusu. Alipopita njiani walijifanya wanatafuta kitu ardhini. Babu aliacha kuvaa kilemba kizuri. Alimega mkate wa mawele na siagi, akaurudisha sahanini. Soksi zake za sufu pia zilikuwa zimepotea, na hata hilo alilichukulia kama sehemu ya adhabu.

Yashika alileta karata. Akaketi pale walipozoea kukaa wazee, akanywa maji kwenye kikombe cha Babu makusudi, watu wamwone.

"Wewe nawe utafungiwa," Babu alimwambia.

"Watanifungia nini? Mimi wananifunga shuleni miezi tisa kwa mwaka, nimezoea. Cheza."

"Umeficha mfalme chini ya goti."

"Na wewe umeficha malkia kwenye shuka. Cheza, Babu."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikuwa cha kawaida. Kilitoka chini kabisa, cha majimaji, kikarudi tena na tena, akatema makohozi mazito yenye rangi ya maji yale ya kiko. Kesho yake kilizidi. Yashika akamsikiliza kutoka jikoni. Kumbe amechelewa. Kumbe mrija ule wa Hoshiyara ulishafanya kazi yake, na yeye amemnyang'anya babu yake rafiki zake bure, amfie mpweke. Alikwenda nyuma ya zizi akampigia simu Daktari Sarla, akamweleza yote isipokuwa habari ya hekalu.

"Ana homa?"

"Hana."

"Anapumua vizuri? Anapanda ngazi?"

"Anapanda darini kupepeta dengu. Jana kapanda bila kupumzika katikati."

"Ameacha kuvuta lini?"

Akamwambia.

"Basi tulia, binti. Mfagiaji ameamka. Amekuta taka za miaka na miaka, unadhani atafagia kimyakimya? Mpe maji ya moto, anywe mengi. Akipata homa, au pumzi ikimbana, mlete siku hiyo hiyo." Kisha akauliza, "Mmewezaje kumwachisha? Wagonjwa wangu wote wananiambia moshi unaoga."

"Tulimsihi sana," alisema Yashika, na kuku wote wa zizini wakamtazama.

Homa ilipokuja kweli, ilikuja kwake yeye. Alipiga chafya, akaumwa viungo, akalala chini ya blanketi mbili huku Bibi akimnywesha tangawizi. Hakuruhusu Babu amkaribie. Babu alisimama mlangoni, leso imemfunika pua kwa amri ya mjukuu wake, akimsimulia hadithi za uongo kuhusu nyati aliyewahi kumshinda mbio. Haikupita muda mrefu Yashika akawa amesimama, mwepesi, ana njaa ya mwanajeshi.

Ng'ambo ya bwawa mambo yalikuwa mengine. Mrija ulikuwa umetembea, na mafua yametembea nao. Vicheko vilipungua, kisha vikakoma, baraza ya Hoshiyara ikawa tupu. Mzee huyu kalala, yule kalala, mwingine anakohoa hadi kilemba kinamdondoka. Kisha jioni moja gari la wagonjwa lilisimama kando ya bwawa, likamchukua Hoshiyara.

Babu alilitazama mpaka likamezwa na ukungu.

"Kidudu si kile kile?" aliuliza bila kugeuka. "Kilichokupata wewe?"

"Kile kile, Babu."

"Wewe kimekulaza, ukaamka ukala mikate yangu yote. Yeye kimembeba."

"Kidudu ni kimoja. Kilikoingia ndiko tofauti."

Babu akakitazama kiko kwa muda. Akanyoosha mkono, akachukua ile leso ya kahawia, ambayo Yashika aliiacha makusudi imetundikwa ukutani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Si shaba hii," alisema.

Habari zilizokuja kutoka hospitali zilikuwa za bomba la hewa. Kisha ikaja nyingine, kwamba Hoshiyara amefungua macho na anauliza mbona Risal hajaja. Hapo Babu alishindwa kukaa. Alitembea baraza nzima kama fahali aliyefungwa kamba fupi.

"Nenda basi, Babu. Basi la mjini linapita."

"Niende vipi? Nimefungiwa. Nikifika pale akaniomba maji, nimpe kwa mkono upi? Na yeye ni mmoja wa wale watano walionifungia. Nikimgusa ninamvunjia amri yake mwenyewe akiwa hoi." Alipangusa macho kwa mwisho wa shuka. "Kesho nasimama mbele ya wazee. Nakiri kosa langu, nawaomba radhi, wanifungulie. Aibu naibeba. Siachi Hoshiyara aondoke bila kuniona."

Yashika alihisi yule chura wa tumboni amekufa na kugeuka jiwe. "Babu, usikiri kitu. Huenda huna kosa."

"Usinitetee."

"Sikutetei, nakwambia kwamba lile tangazo..."

"Nimesema usinitetee! Mtu mzima anajua alichofanya." Akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatoa kilemba chake kizuri sandukuni.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa hekalu, mchana, jua la baridi likiwa limejitokeza kidogo. Wazee walikuja wamejifunga mablanketi, wameketi mbalimbali, kila mtu na kikohozi chake. Hapakuwa na kiko; hakuna aliyekuwa na pumzi ya kukivuta. Wanawake walisimama ukutani, Bibi Dhanpati miongoni mwao, na kando yake Yashika, anatafuna kucha.

Babu alisimama katikati. Akavua kilemba, akakiweka chini kwenye vumbi.

Uwanja mzima uliguna. Mtu wa Dhanipura anaweza kukupa shamba, anaweza kukupa nyati, lakini kilemba chake hakigusi ardhi ila amekwisha kabisa. Yashika alikitazama kitambaa kile, alichokifua mwenyewe na kukianika, kimelala kama ndege aliyepigwa manati.

"Ndugu zangu," Babu alisema. "Adhabu mliyonipa ni ya haki. Mwaka ule wa ukame, zamu ya maji ya mfereji ilikuwa ya Hoshiyara. Alilala. Mimi nikafungua upande wangu. Ngano yangu ikasimama, yake ikaungua. Naye siku ile ile alikuja kwangu tukavuta kiko, akanilalamikia mbingu. Sikusema kitu. Nimevuta naye miaka yote hii na sikusema kitu."

Mkubwa wa wale watano, Mzee Lakhmi, akajikohoza.

"Risal, hilo sisi hatukulijua."

"Hamkulijua?"

"Hata kidogo."

"Basi mlinifungia kwa kosa gani?"

Mzee Lakhmi akamgeukia jirani yake. "Kosa lilikuwa lipi, hebu?"

"Mimi nijuaje? Mimi sikuitwa. Nilidhani mmekaa nyinyi."

"Mimi nilidhani umekaa wewe!"

"Mimi nilikuwa naumwa jino!"

"Kwa hiyo nani aliamua?" Mzee Lakhmi alipiga fimbo chini. "Chhaju! Wewe ndiye uliyetangaza. Nani alikutuma?"

Mzee Chhaju alizidi kujikunja ndani ya blanketi. "Siku ile nilikuwa kwa binti yangu."

"Ulikuwa wapi? Na sifa zote zile ulizipokea za nini?"

"Mlisifu vizuri," Mzee Chhaju alisema kwa unyonge. "Sikutaka kuwakatisha."

Hapo ndipo Bibi Dhanpati, aliyekuwa kimya tangu siku ya siagi, aliposema kwa sauti ya kuongea na ukuta, "Mtangazaji huyo aliwaambia watu waketi. Hapa kijijini watu huketi bila kuambiwa. Nasikia kuna mahali wanafundishwa kusubiri ruhusa."

Vichwa viligeuka kimoja kimoja, mwisho kikageuka cha Babu. Alimtazama Yashika kama alivyomtazama siku moja ya zamani, alipokuta nyati wa Chhaju kapakwa rangi ya kijani na mjukuu huyo huyo. Isipokuwa safari hii macho yalikuwa mekundu, na kichwa kitupu kilionekana kidogo, cha mtoto.

Yashika alikuwa na hotuba tayari kichwani kwa dharura za namna hii, yenye maneno kama "mazingira" na "kutoelewana". Alitembea hadi katikati ya uwanja. Aliinama, akaokota kilemba, akakikung'uta vumbi, akakishika kwa mikono miwili, na hotuba yote ikampotea.

"Ni mimi," alisema. "Wazee hawakuamua kitu. Ufunguo nilitoa msumarini, sauti niliitengeneza. Kosa lako nililibuni, Babu. Habari za mfereji sikuzijua, naapa kwa nyati wote. Nilisema tu 'analijua mwenyewe' kwa kuwa nilikosa la kusema."

Mtu mmoja ukutani alianza kucheka, akakosa wa kumuunga mkono.

"Nilikuona mwaka jana na lile bomba puani. Ulianza kunitania ukashindwa kumaliza. Nilipokuona unapokea mrija wa Babu Hoshiyara, nikasema huyu safari hii atanyamaza moja kwa moja. Sikutaka kukuaibisha. Nilitaka mwakani uwepo unitukane." Akavuta kamasi. "Na kosa langu kubwa si hilo. Kosa langu ni kwamba nilimfungia mmoja. Niliwaona wote mnavuta, nikamtoa wangu, nyinyi nikawaacha. Babu Hoshiyara alikuwa wa kufungiwa kabla ya wote. Ningekuwa na akili ningewafungia kijiji kizima, na Mzee Chhaju nimfungie mara mbili."

Babu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri, na ilimchukua Yashika muda kuelewa kwamba anasubiri kuvishwa. Alikizungusha kilemba vibaya, kikakaa upande.

"Basi la mjini linapita saa hizi," Babu alisema mwishowe. "Twende, utamwambia Hoshiyara ya kwako. Mimi nina ya mfereji. Kuna jingine lolote ulilofanya, useme hapa hapa nisije nikalisikia hospitali?"

Yashika alitazama chini, kwenye miguu ya babu yake iliyopauka kwa baridi ndani ya viatu vya ngozi.

"Soksi zako," alisema. "Ziko nyuma ya kengele."